Fedha ya Bibi: Pambo, Akiba au Amana?

Katika daftari la michango la msikiti wetu hapa Mang'ula kuna mstari mmoja ambao kila niufikiapo macho yangu hushuka. Niliuandika mwenyewe, kwa wino wa buluu na kwa mwandiko mzuri wa kijana aliyetoka chuoni juzi: "Mapambo ya fedha, mawili. Yameuzwa. Shilingi 90,000. Mchango wa kisima." Hesabu imejumlishwa sawasawa, imetiwa saini, na mwenyekiti ameithibitisha. Mkaguzi yeyote angeipitisha. Hata hivyo, mstari ule ndio ulionifunza kwamba mtu anaweza kuandika hesabu iliyo sahihi ilhali amekwisha kuipoteza amana.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu. Tulikuwa tukichangisha pesa za kuchimba kisima cha msikiti, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa yakikatika mara kwa mara na watu wakitawadha kwa kugawana ndoo. Siku moja baada ya sala ya Alasiri, bibi mmoja mjane alinisubiri barazani. Alifungua pindo la khanga yake, akatoa kikuku kizito na mkufu uliotungwa sarafu kubwa zilizofanya weusi. Akasema, "Mjukuu wangu, mimi sina pesa. Nina hivi. Viingie katika kisima." Nikamshukuru, nikamwombea dua, nikavifunga katika karatasi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ifakara kwa shughuli nyingine. Sokoni nikamkuta mnunuzi wa vitu chakavu, mmoja wa wale wanaopita wakitafuta vyuma, betri na simu mbovu. Akavipima vile vitu kwa kiganja, akakunja uso, akasema fedha siku hizi haina soko, akataja shilingi 80,000. Nikabishana naye, akaongeza 10,000. Nilirudi Mang'ula nikijiona mfanyabiashara hodari.

Miezi kadhaa baadaye, kisima kimekamilika na watu wanachota, bibi alinijia tena. Hakuja kulalamika. Aliuliza tu kwa upole, "Ule mkufu ulikuwa na riyali ngapi vile? Macho yangu hayaoni tena. Marehemu mama alikuwa akisema ni saba." Sikuwa na jibu, kwa maana sikuwa nimezihesabu. Nilipomweleza jinsi nilivyouza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilikwisha kutoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na malipo yangu yako kwake. Lakini wewe, mjukuu wangu, ulikuwa wakili."

Waliokaa katika darsa za fiqhi wanajua uzito wa neno lile. Wakili hana ruhusa ya kuuza mali aliyokabidhiwa kwa bei iliyo chini mno ya thamani yake, na akifanya hivyo bila ya idhini, jukumu linamrudia. Somo hilo nililisoma chuoni, nikalifanyia mtihani, nikafaulu. Lilipokuja kwangu katika pindo la khanga, sikulitambua.

Usiku ule nikaanza kutafuta habari za riyali. Wazee wetu waliita hivyo, au reale, sarafu kubwa ya fedha yenye picha ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Jambo la ajabu ni kwamba baada ya kufa kwake sarafu iliendelea kufuliwa kwa miaka mingi ikiwa na mwaka uleule wa 1780, kwanza kwao na baadaye hata London, Roma na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Omani na Zanzibar waliizoea na hawakuiamini nyingine. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Kwa hiyo riyali moja ina zaidi ya gramu 23 za fedha safi. Riyali saba zina zaidi ya gramu 160, kabla ya kukihesabu kile kikuku.

Nilipopiga hesabu hiyo kwa bei ya soko, nikajua nimefanya nini. Nilikwenda mbele ya kamati nikaeleza yote. Hakuna aliyenikemea, na hilo lilinisumbua zaidi. Nikakadiria upungufu na kuulipa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu. Ndiyo maana chini ya mstari ule wa aibu kuna mistari mingine, yenye wino wa rangi mbalimbali, inayoonyesha deni likishuka.

Ndugu msomaji, hivyo ndivyo nilivyoingia katika jambo ambalo jamaa zangu wengine wanaliita wazimu, yaani kukusanya mapambo ya zamani ya fedha. Nilianza kwa nia ya kujua, ili nisidanganywe tena katika mali ya watu. Baadaye, nakiri, nilianza kuyapenda yenyewe.

Lugha yetu imelisema jambo hili kwa neno moja. Fedha, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni madini ya kufulia pambo, na pia ni mali mtu anayonunulia. Kwa bibi zetu maana hizo mbili hazikutengana. Mwanamke wa pwani, na hata wa bara ambako biashara ya pwani ilifika, alipopewa mahari ya riyali aliweza kumpelekea mfua fedha azigeuze kuwa kekee ya mkononi, au timbi, au mafurungu ya mguuni. Akaivaa akiba yake. Palipozaliwa mtoto ilikuwepo, palipotokea njaa ilikuwepo, na mume hakuwa na haki ya kuigusa, kwa kuwa Qur'ani Tukufu katika Suratun-Nisaa, aya ya 4, imeyafanya mahari kuwa mali ya mke mwenyewe. Wengi wetu tunaona mapambo yale kama urembo wa kizamani, lakini kwa hakika yalikuwa benki ya mwanamke asiyejua kusoma, na funguo zake alikuwa nazo mwenyewe.

Sarafu nyingine nazo ziliingia katika tanuri za mafundi. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa riyali yake mwenyewe mwaka 1882. Wajerumani walileta rupia yao kuanzia mwaka 1890, sarafu ya gramu 11 na nusu hivi, yenye fedha nyingi kuliko riyali, sehemu 917 katika 1,000. Waingereza walipoleta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, fedha iliyokuwemo ilikuwa robo tu ya uzito wake. Anayejua hesabu hiyo anaelewa kwa nini wazee waliificha riyali na kuitumia shilingi.

Nami basi nikawa kila ninaposafiri natafuta. Nyanya yangu mzaa mama, aliyezaliwa Kilwa na kumfuata babu kwenye biashara ya mpunga hapa bondeni, alikuwa ameacha kipini na mtali mmoja, na hivyo vikawa mwanzo wa kopo langu. Ifakara nilipata kekee kwa familia iliyokuwa ikiigawa mirathi na haikujua jinsi ya kukigawa kitu kimoja kwa warithi watano. Dar es Salaam, nikienda kwa treni ya TAZARA kwa kazi za msikiti, nilipata vipande vya mkufu. Mara mbili nimevuka hadi Unguja, nikatembea katika maduka ya Mji Mkongwe ambako mapambo ya Omani, ya Uhabeshi na ya mwambao wetu hutundikwa pamoja mbele ya watalii.

Ni huko ndiko nilikopata somo la pili. Katika safari moja ya pwani nilinunua bangili niliyoambiwa ni ya karne iliyopita, ya fedha tupu. Ilikuwa nyeusi katika mikunjo, imelika pembeni, na muuzaji alikuwa na hadithi yake yote. Nilipofika nyumbani nikaipima kwa njia niliyofundishwa na sonara mmoja mzee, ambayo msomaji yeyote anaweza kuifanya jikoni. Unahitaji mizani ndogo ya kielektroniki, kikombe cha maji na uzi. Kwanza unapima kitu chenyewe. Kisha unaweka kikombe cha maji juu ya mizani, unairudisha kwenye sifuri, na kukining'iniza kitu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kingo wala chini. Gramu zitakazoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili. Fedha safi hutoa kama 10 na nusu, na fedha ya riyali hutoa kama 10.2. Bangili yangu ilikuwa na gramu 61 na ikasukuma gramu 7 za maji. Jibu ni 8.7, nalo ndilo jibu la mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, unaong'aa kama fedha wala hauna hata chembe ya fedha. Sumaku isingenisaidia, kwa sababu haivuti fedha na haivuti shaba vilevile. Lakini mwenye furungu lililo wazi ndani ajihadhari na kipimo hiki cha maji, maana hewa iliyofungika humo huharibu hesabu.

Nilikasirika, kisha nikatafakari. Je, kosa ni la bangili? Sisi wa Mang'ula tunawajua watalii. Makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa yako hapa tangu hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1992, na wageni hushuka hapa kwenda kuyaona maporomoko ya Sanje. Vijana wetu huwauzia mikeka na vinyago, na hakuna ubaya ndani yake. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mgeni ni bidhaa ya halali kama nyingine. Lamu, kwa mfano, wafua fedha huchukua vigae vya sahani za kale za China vilivyovunjika, wakavipachika katika pete za fedha, na wageni huzipenda mno. Mwenzangu tuliyesoma naye aliniletea moja na ninaivaa mpaka leo, kwani mwanamume ameruhusiwa pete ya fedha, na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alikuwa nayo, ikarithiwa na makhalifa wake mpaka ikamdondoka Sayyidna Uthman katika kisima cha Aris. Pete yangu ni mpya, iliuzwa kama mpya, na fundi wake anajulikana. Hakuna aliyedhulumiwa.

Nimesoma pia habari za Wanavajo, wenyeji wa Kusini Magharibi mwa Marekani, zikanishangaza kwa jinsi zinavyofanana na zetu. Wao walijifunza kufua fedha kwa mafundi wa Meksiko katika karne ya 19, wakayeyusha dola na peso kama wetu walivyoyeyusha riyali. Bangili zao zilikuwa akiba pia, na mwenye shida aliiweka yake rehani dukani mpaka auze sufi au kondoo. Kisha reli ikapita. Mwaka 1899 kampuni ya Fred Harvey, iliyokuwa na hoteli na migahawa kando ya reli ya Santa Fe, ilianza kuagiza mapambo mepesi zaidi kwa ajili ya abiria, kwa kuwa yale ya wenyeji yalikuwa mazito na ya bei kubwa. Yakapigwa mihuri ya mishale na ndege, yakauzwa stesheni. Leo mapambo hayohayo ya watalii yana watu wanaoyakusanya kwa shauku kubwa. Lakini yalipozuka mengi ya viwandani yakijifanya kazi ya mikono ya wenyeji, ikabidi zitungwe sheria, na ile ya mwaka 1990 inamwadhibu anayeuza kitu kwa kudai kwa uongo kwamba kimefanywa na Wahindi Wekundu.

Sisi sheria hiyo tulikuwa nayo kabla. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta unyevu chini. Alimkemea muuzaji kwa nini hakukiweka juu kilicholowa ili watu wakione, akamtenga mwenye kughushi na umma wake. Bangili yangu ya nikeli ilikuwa nafaka iliyolowa. Ingeuzwa kwa jina lake, ingekuwa bangili nzuri ya bei nafuu. Ninayo mpaka leo, na huwaonyesha vijana wa madrasa nikiwafundisha mlango wa biashara.

Kuna makosa mengine ambayo mwenye kupenda vitu hivi huyaangukia bila kujua, na la kwanza ni la riba. Nilimpelekea sonara mmoja vipande vyangu vilivyokatika, nikataka anipe pambo zima lenye uzito mdogo zaidi, tofauti iwe ujira wa nakshi. Nilikuwa karibu kukubali nilipokumbuka kwamba fedha kwa fedha haibadilishwi ila uzito kwa uzito na mkono kwa mkono. Njia iliyo safi ndiyo Mtume (s.a.w.) aliyomwelekeza mtu wa tende za Khaybar: uza kilicho duni kwa pesa, kisha kwa pesa hizo ununue kilicho bora. Tukafanya hivyo, mauzo mawili mbalimbali. Dada zetu wanaopeleka vikuku vya zamani na kurudi na vipya wakiambiwa "ongeza kidogo tu" wanahitaji kulijua hili kuliko mimi.

La pili ni la itikadi. Nimenunua kijaluba cha fedha kilichofuliwa kwa ustadi mkubwa, cha kuwekea hirizi. Mzee mmoja wa kamati alipokiona akaniuliza kama katibu naye amekuwa mganga. Nilimwonyesha kwamba ndani ni kitupu. Nimekiweka kwa kazi ya fundi, wala simtundiki mtoto wangu kwa kuamini kwamba kinamkinga. Na mafurungu yenye njuga ninayahifadhi vivyo hivyo. Aliyeisoma Suratun-Nur, aya ya 31, anajua kwa nini sitamshauri binti yangu apite nayo sokoni yakilia.

Lakini jambo lililonishika koo lilikuja mwaka jana, na ndilo lililonifanya niandike.

Mke wangu alikuwa akisafisha kabati. Akalitoa lile kopo, akaliinua kwa mikono miwili, akasema, "Hili limekuwa zito kuliko gunia la mahindi lililobaki." Tulikuwa na deni la ada ya mtoto. Hakusema zaidi, nami sikumjibu. Baada ya Isha nikaichukua mizani, nikavipima vitu vyote kimoja kimoja na kuandika. Jumla ilikuwa gramu 742.

Msomaji anayejua ameshaona linakokwenda. Nisabu ya fedha, kiwango ambacho mwenye kukifikia na kukamilisha mwaka wa mwezi mwandamo hulazimika kutoa zaka, ni dirhamu 200. Wanazuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa gramu 595 za fedha safi. Hesabu ya madhehebu yetu ya Shafi huangalia fedha iliyomo, shaba haihesabiwi. Nikachukua kalamu. Nikisema mapambo yangu yana fedha sehemu 800 katika 1,000, napata gramu 593.6. Niko chini ya nisabu kwa gramu moja na nukta nne. Nikisema ni fedha ya riyali, 833, napata gramu 618. Niko juu.

Naona haya kuandika kwamba nilikaa na zile namba mbili kwa siku tatu. Nilijiambia kwamba madini ya kuungia huwa duni, na kwamba baadhi ya vipande vimelika. Nikafika mahali pa kujiambia kwamba pambo la halali linalovaliwa na mwanamke halina zaka katika madhehebu yetu, ingawa Hanafi wanaiwajibisha, basi nimpe mke wangu lile kopo zima na iwe ni lake. Nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini. "Unanipa leo, katika mwezi wa zaka? Na Mfungo Mosi utanidai? Tangu uanze kuvinunua hujaniambia hata siku moja nivae kimoja."

Alikuwa amesema hukumu yenyewe. Msamaha ule ni wa pambo linalovaliwa. Fedha iliyofungiwa koponi, ambayo mwenyewe ni mwanamume asiyeivaa na mkewe haivai, haitofautiani na riyali zilizofukiwa chini ya kitanda. Katika Suratut-Tawba, aya ya 34, wametishwa kwa adhabu kali wanaolimbikiza dhahabu na fedha bila kuzitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo kwenye mimbari mara nyingi, nikiwafikiria matajiri wa Dar es Salaam.

Nilikwenda kwa shehe wetu na karatasi yangu ya hesabu, bado nikitumaini. Aliisoma kwa makini, pamoja na ile gramu moja na nukta nne. Kisha akauliza swali moja. "Na zile za kwenye simu?" Katika simu nilikuwa na shilingi 40,000. "Nazo ni fedha," akasema. "Ziongeze." Hesabu yangu yote ikaanguka kwa kitu nilichokuwa nimekibeba mfukoni. Alinirudishia karatasi akasema, "Katibu, unajua kupima. Sasa jua unapima mbele ya nani."

Nikachukua gramu 618, nikatoa mbili na nusu kwa mia. Zaka yake ilikuwa karibu gramu 15 na nusu za fedha safi. Katika kopo mlikuwa na kipande cha mkufu kilichokatika, cha gramu 19, ambacho kwa hesabu ileile kina gramu zisizopungua 15.8. Nikakitoa hicho, na zaka ya zile 40,000 nikaitoa kwa shilingi. Nilimpelekea mwanamke mmoja ambaye ni miongoni mwa wanaostahiki, mwenye watoto na asiye na mume. Mbele yake nikakipima, nikamwandikia uzito katika karatasi, nikamweleza bei ya gramu siku ile, na nikamwambia asikubali mtu akipime kwa kiganja. Alipokiuza, alilipwa kwa uzito wake. Sikumbuki furaha niliyopata kwa kununua pambo lolote iliyofikia ile niliyoipata siku hiyo.

Hatukuishia hapo. Miaka ya nyuma ambayo pengine nilikuwa nimekwisha kufikia nisabu bila kupima, nimeikadiria pamoja na shehe na ninailipa. Kekee mbili niliuza kwa bei yake na ada ikalipwa. Mke wangu alichagua timbi moja, akaisugua kwa ndimu na majivu kama bibi zetu walivyofanya, nami nikamzuia asiimalize nakshi yake. Huivaa arusini. Hiyo sasa ni pambo, na ni yake kwelikweli, hata mirathi itaikuta mikononi mwake. Zilizobaki zina orodha, uzito wake na mahali zilipotoka, zimeandikwa katika wasia wangu, ili wanangu wasije wakaziuza sokoni kwa shilingi 90,000. Kila Ramadhani mizani hutolewa na hupimwa mbele ya familia yote. Mwanangu mdogo ndiye anayesoma namba.

Msikitini nako tumebadili utaratibu. Pambo lolote likiletwa kama mchango linapimwa hapohapo mbele ya mtoaji na mashahidi wawili, linaelezwa kwa maandishi, linapigwa picha, na haliuzwi mpaka bei ziulizwe kwa mafundi wasiopungua watatu. Mtoaji huulizwa pia swali ambalo mimi sikumuuliza yule bibi: kitu hiki kilitoka kwa nani? Wengine hukaa wakasimulia mpaka Magharibi.

Na wewe, ndugu msomaji, huenda ndani ya nyumba yako mna kopo, au kasha, au soksi iliyofungwa fundo, yenye mtali mmoja wa nyanya. Usikimbilie kuuza na usikimbilie kuficha. Kitoe, kipime, na mwulize mkubwa aliyebaki kilikuwa cha nani. Kisha ujue unakishika kama nini. Kikiwa pambo, na kivaliwe kwa stara. Kikiwa akiba, na kitolewe haki yake kila mwaka. Kikiwa amana ya mtu, usilale nacho bila ya maandishi.

Yule bibi alifariki mwaka juzi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulipokwenda kumzika, watu walitawadha kwa maji ya kisima chake. Riyali zake sijaziona tena, ingawa kila nionapo mkufu wa sarafu nyeusi mkono wangu huenda wenyewe kuzihesabu.

Wallahu aalam.